Mwanafunzi wa Malaba akisema 'mwalimu anapotea', chuo husikia nini?

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho kimeninyima usingizi tangu muhula uliopita, nacho ni 'kupotea'. Si kigeni kwa yeyote. Mtoto hupotea sokoni, ng'ombe hupotea malishoni, na rafiki ambaye hamjaonana tangu Krismasi hukulaki kwa 'Umepotea wewe!' Lakini kitenzi hiki, tena kwa sahihi ya mkono wangu mwenyewe, kilimnyang'anya mhadhiri kijana kazi.

Ngoja nieleze. Chuo fulani ambacho sitakitaja huendesha kozi za mtandaoni kwa wanafunzi walio mbali na bewa kuu. Mwishoni mwa muhula kila mwanafunzi hujaza fomu ya kumtathmini mhadhiri. Ni maswali ishirini hivi ya kuchagua namba kuanzia 1 hadi 5, na chini kabisa kisanduku kidogo cha maoni. Namba hujumlishwa na kompyuta. Maoni husomwa na karani, ambaye huyafupisha kwa Kiingereza, kisha karatasi moja tu ya kila mhadhiri hufikishwa mbele ya kamati. Mimi nilikuwa mwanakamati. Karatasi ya mhadhiri huyo, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba wa muhula kwa muhula, ilionyesha alama za chini katika swali la kuhudhuria vipindi na kuanza kwa wakati. Chini yake karani alikuwa ameandika kwamba wanafunzi kadhaa wanalalamika kuwa mhadhiri hukosa vipindi mara kwa mara. Tulikuwa na majalada mengi alasiri hiyo na chai ilikuwa imeshafika. Hatukumaliza dakika tano. Nilitia sahihi pamoja na wenzangu, na muhula uliofuata hakupewa darasa.

Alipokuja ofisini mwangu hakulia wala hakugomba. Aliniambia tu, "Prof, mimi sijakosa kipindi hata kimoja," akaniwekea mezani orodha ya kila siku na kila saa aliyoingia darasani, iliyotolewa na mfumo uleule wa chuo. Vipindi vyote vilikuwepo. Nikaenda kwa karani kuomba maoni yenyewe, jinsi wanafunzi walivyoyaandika kabla hayajafupishwa. Wanafunzi wanne, na wote wanne wakiishi kati ya Busia na Malaba, walikuwa wameandika jambo lilelile kwa namna mbalimbali: madamu anafunza poa lakini anapotea, anapotea potea, hasa jioni, mwalimu ni mzuri, shida ni kupotea.

Karani hakutia chumvi. Alilelewa mjini, na kwake mtu 'anayepotea' ni yule asiyeonekana. Ndiyo maana ya 'umepotea' katika maamkizi yetu ya kila siku. Akatafsiri alivyoelewa.

Sasa twende mpakani. Kutoka Busia hadi Malaba ni mwendo wa takriban kilomita 30 kwa barabara isiyotoka mbali na Uganda, ukipitia Alupe, palipo na chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2022 baada ya kulelewa kwa miaka kadhaa na Chuo Kikuu cha Moi. (Chuo ninachokisimulia si hicho, nisije nikaulizwa.) Ukisimama Busia karibu na forodha, ng'ambo ni Sofia, upande wa Uganda, na biashara, jamaa na maneno huvuka kama kawaida. Hapa ndipo panaposemekana neno 'bodaboda' lilizaliwa, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vilevile. Hata mawimbi ya simu hayajui mpaka. Mtu anaweza kuwa ameketi kwao Malaba, hajavuka popote, simu ikalia kumkaribisha Uganda. Simu hiyo imenasa mnara wa ng'ambo. Data aliyonunua Kenya haifanyi kazi huko. Darasa linakatika, na kama ana bahati linarudi baada ya dakika mbili, tatu, kumi.

Mwanafunzi huyo anaona nini kwenye kioo cha simu? Haoni mnara. Haoni kampuni mbili za simu zikimgombania. Anachoona ni uso wa mwalimu ukiganda na sauti yake ikikatika katikati ya neno, kisha giza. Mwalimu amepotea. Akirudi, anarudi. Akipotea tena, anapotea tena. Kwa mtu aliye Malaba, 'anapotea' ni maelezo sahihi kabisa ya kilichotokea.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Katika Kiswahili cha mazungumzo, anayeondoka katika upeo wa macho ya msemaji ndiye huwa kiima cha 'kupotea', hata kama hakusogea. Mwezi hupotea mawinguni ingawa ni mawingu yaliyopita mbele yake. Meli hupotea baharini machoni pa aliye ufukweni, na nahodha aliye ndani yake wala hana habari kwamba kapotea. Mwanafunzi alikuwa ufukweni. Alisema alichokiona kutoka mahali alipo, na kwa kufanya hivyo lugha ikamweka mhadhiri mahali pa mtendaji. Laiti angeandika 'network imekataa', ambalo pia ni neno la kila siku huko, lawama ingeuendea mtandao, maana katika usemi huo mtandao ndio wenye kiburi cha kukataa. Lakini fomu haikumuuliza kuhusu mtandao. Ilimuuliza kuhusu mwalimu, naye akaweka mwalimu mwanzoni mwa sentensi.

Na zile namba? Swali lenyewe lilisema, kwa Kiingereza, kwamba mhadhiri alihudhuria vipindi vyote na kuvianza kwa wakati. Hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Isitoshe, mwanafunzi ambaye simu yake ilikubali kuingia darasani robo saa baada ya kipindi kuanza atajuaje kipindi kilianza saa ngapi? Alipoingia alimkuta mwalimu akizungumza. Pengine alidhani ndiyo kwanza anaanza. Akaweka 2. Kompyuta ikachukua hiyo 2, ikaijumlisha na 5 za wanafunzi wa mjini wenye mtandao wa waya nyumbani, ikatoa wastani wenye nukta na tarakimu mbili baada ya nukta. Zile tarakimu mbili ndizo zilizotuhadaa kamatini. Namba yenye nukta hufanana sana na ukweli.

Utaratibu huu wa kukubali na kukataa kwa ngazi tano tuliurithi kutoka kwa Mmarekani Rensis Likert, aliyeuchapisha mwaka 1932 kwa ajili ya kupima mitazamo ya watu. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na jinsi ngazi zake zinavyoingia katika Kiswahili. Ile ya katikati, ambayo kwake ni ya mtu asiyeegemea upande wowote, mara nyingi tunaitafsiri 'sina hakika'. Lakini mtu asiye na hakika si mtu wa katikati. Ni mtu asiyejua. Mwanafunzi anayeulizwa kama mhadhiri hupatikana ofisini, ilhali hajawahi kuona ofisi hiyo wala bewa lenyewe, ataweka 3 kwa uaminifu kabisa, na kompyuta itaihesabu kama alama ya mhadhiri wa wastani. Hajui, basi. Kwa nini kutojua kwake kumpunguzie mtu mwingine alama?

Kuna na adabu. Mtu wa magharibi mwa Kenya akitaka kukusifu kwa heshima, hasa kama wewe ni mkubwa wake, atakuambia 'unajaribu sana'. Nimeambiwa hivyo Busia baada ya hotuba na nikajisikia vizuri siku nzima. Ukiitafsiri sifa hiyo neno kwa neno kwa Kiingereza inageuka kuwa tusi la kistaarabu: maskini, uwezo hana ila juhudi anayo. Hali kadhalika 'si mbaya', 'ako tu sawa', 'si haba'. Katika maoni niliyosoma, wanafunzi wawili walianza kwa salamu, mmoja akauliza hali ya mwalimu na watoto wake, kabla ya kufika kwenye hoja. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya herufi chache, salamu zikala nusu, na hoja ikakatwa katikati. Karani alizipuuza salamu kwa kuwa si data. Kwangu mimi salamu zile ni data. Mtu anayekuulizia watoto wako hajakasirika kwa sababu umemkimbia darasani.

Na kuna neno jingine nililolipenda zaidi ya yote. Mwanafunzi mmoja wa Busia aliandika kwamba mwalimu 'anasomesha vizuri'. Kwa Wakenya wengi siku hizi, kumsomesha mtu ni kumlipia karo: baba anasomesha watoto wanne, mbunge anasomesha mayatima. Anayeingia darasani na chaki 'anafunza' au 'anafundisha'. Ng'ambo ya mpaka 'kusomesha' bado ni kazi ya mwalimu, na haishangazi, maana katika Kiganda 'okusomesa' ni kufundisha. Kiswahili sanifu kinakubali maana zote mbili, kwa kuwa ni kusababisha mtu asome, iwe kwa karo au kwa maarifa. Mwanafunzi wa Busia anaishi katikati ya maana hizo mbili. Nilipomaliza kucheka nikajiuliza: katika kozi ya mtandaoni ni nani hasa anayesomesha? Mhadhiri hufundisha. Mzazi hulipa karo. Na kila jioni kuna mtu, mara nyingi mama aliye na meza ya mboga karibu na foleni ya matrela, anayenunua data ya saa mbili ili kipindi kiingie. Fomu haimjui mtu huyo.

Msomaji asidhani nataka wanafunzi wanyamazishwe. Wapo wenzangu, hasa wa rika langu, wanaosema mwanafunzi hana elimu ya kumpima mwalimu wake. Siwaungi mkono hata kidogo. Katika darasa la mtandaoni mwanafunzi ndiye shahidi pekee. Mkuu wa idara hapiti koridoni akasikia darasa likiwa kimya. Tangu Machi 2020, serikali ilipofunga taasisi za elimu kwa sababu ya korona na sote tukajikuta tukifundisha kutoka mezani pa kulia chakula, tumejua mengi kuhusu wahadhiri wetu na kuhusu sisi wenyewe. Wapo wanaosoma slaidi neno kwa neno. Wapo waliorekodi vipindi mwaka ule na hadi leo wanavirudia, na wanafunzi wanajua, maana kwenye rekodi mhadhiri anawausia wanafunzi wavae barakoa. Wanafunzi wakiyasema hayo, wasikilizwe. Swali langu ni kama chuo kina masikio ya lugha wanayoisemea.

Hata mimi sina masikio hayo kila wakati. Katika maoni kuhusu mhadhiri mwingine nilisoma kwamba 'alitutupia notes kwa group'. Nilikunja uso. Kwangu kutupa ni kutupa: unatupa takataka, unamtupia mbwa mfupa. Kati ya 'alitutumia' na 'alitutupia' kuna konsonanti moja tu, na nikaona konsonanti hiyo imebeba dharau yote ya mhadhiri asiyejali. Nilikuwa tayari kuandika aya nzima kuhusu jambo hilo. Mjukuu wangu akanisahihisha. Kwa vijana, kutupa kitu kwa group ni kukiweka hapo, basi. 'Nitupie namba yake.' 'Tupa picha tuone.' Hakuna dharau. Nikaifuta aya yangu, nikajisemea kwamba profesa wa Kiswahili naye anaweza kukosea kama karani, tofauti ni kwamba yeye hukosea kwa kujiamini zaidi.

Wala tatizo si letu pekee. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Lillian MacNell na wenzake huko North Carolina, Marekani, walichukua kozi ya mtandaoni yenye wakufunzi wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke. Kila mmoja alifundisha kundi moja kwa utambulisho wake na jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Kwa kuwa ilikuwa mtandaoni, wanafunzi hawakujua. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu kuliko aliyedhaniwa kuwa mwanamke, hata katika suala la kurudisha kazi kwa wakati, ilhali kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja. Nimeurejelea utafiti huu kwa sababu ya neno hilo, wakati. Tunadhani wakati ni jambo la saa ya ukutani na haliwezi kuchafuliwa na hisia. Kumbe linachafulika. Kiswahili chetu hakibagui jinsia katika kitenzi. 'Anapotea' ni mwanamume au mwanamke. Lakini jina la mhadhiri huandikwa juu ya fomu, na wanafunzi wetu wote wanne walijua ni madamu. Sitasema hilo lilichangia. Ninachosema ni kwamba kamatini hatukuliuliza.

Mwaka 2018 suala hili lilifika kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi nchini Kanada, katika shauri la wahadhiri wa chuo kikuu cha Toronto kilichoitwa Ryerson wakati huo. Msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba chuo hicho kisitumie matokeo ya fomu za wanafunzi kupima ubora wa ufundishaji katika kuamua nani apandishwe cheo au athibitishwe kazini. Hakuzifuta fomu. Alikubali kwamba mwanafunzi ana mambo anayoweza kuyashuhudia vizuri, yaani yale aliyoyapitia mwenyewe. Hapa kwetu mhadhiri wa kudumu mwenye alama mbaya huitwa akashauriwa. Mhadhiri wa mkataba haitwi. Simu yake huacha tu kulia mwezi wa kugawa madarasa. Kwa hiyo fomu ileile ambayo kwangu ni karatasi ya kuniudhi wikendi moja, kwake ni kodi ya nyumba.

Nimesikia ikisemwa kwamba dawa ni kutafsiri fomu kwa Kiswahili. Nakubali kwa shingo upande. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na ni aibu kwamba mwanafunzi wa kozi ya Kiswahili anatathmini kozi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Ila nimeziona fomu zilizotafsiriwa na watu wa taaluma yangu. Mwanafunzi anaulizwa kama mkufunzi 'alidhihirisha umilisi wa maudhui ya moduli kupitia tarakilishi'. Huyo mama wa mboga angeuliza: mwalimu analijua somo lake? Unamsikia akiongea? Akiulizwa swali anajibu? Sioni kilichopungua katika maswali hayo matatu. Tumezoea kuamini kwamba lugha ikieleweka haraka si ya kitaaluma, na fomu zetu zimeumia kwa imani hiyo kama zilivyoumia tasnifu zetu.

Kabla ya swali lolote kuhusu mwalimu, fomu ingeanza kwa kumuuliza mwanafunzi alikuwa wapi, alitumia nini kuingia darasani, na ni vipindi vingapi alivisikia kutoka mwanzo hadi mwisho. Majibu hayo yangetuokoa. Na maoni yasifupishwe. Yaletwe kamatini kama yalivyo, na salamu zake, na Kisheng chake, na 'siku mingi' yake, yasomwe kwa sauti na mtu anayeijua lugha ya mahali yalikotoka. Nimeambiwa hilo litachukua muda. Ni kweli, litachukua. Sisi tulitumia dakika tano na zilitosha kumwondoa mtu kazini.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba vyuo vingi sasa humfungia mwanafunzi matokeo yake mpaka kwanza ajaze fomu. Kijana anataka kujua kama amefaulu, ana data ya shilingi ishirini, fomu ni sita kwa kuwa masomo ni sita. Unadhani atafanya nini? Atabonyeza 3 kutoka juu hadi chini, au 5 kama ana roho nzuri. Wale wanne wa mpakani hawakufanya hivyo. Walitumia data yao kuandika. Walikuwa wakitaka kusaidia. Mmoja alieleza kabisa kwamba ikiwezekana vipindi viletwe asubuhi kwa sababu jioni mambo huwa mabaya. Sentensi hiyo haikuwa kwenye karatasi tuliyoletewa.

Niliiandikia kamati barua nikieleza maana ya 'kupotea', kurasa mbili na mifano. Barua iliwekwa kwenye jalada. Mwenyekiti aliniambia kwa upole kwamba uamuzi wa muhula uliopita haubadiliki ila mhadhiri yuko huru kuomba upya. Nilimpigia kumweleza. Alishukuru, akasema kwa sasa anafundisha shule ya upili, darasa lenye ubao na wanafunzi anaowaona, na kwamba ataomba tena ikifika Agosti. Hakuniuliza kama nami nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Nilimwambia.

Juma lililopita nimepokea tathmini yangu mwenyewe ya muhula huu. Namba si haba. Katika maoni, safari hii nimeomba niyasome yote bila kufupishwa, mwanafunzi mmoja ameandika, 'Prof yuko vizuri lakini katikati anapotea.' Nimeisoma mara nyingi. Huenda ni mnara wa ng'ambo. Huenda ni hizi hadithi zangu ninazoziingiza katikati ya mhadha mpaka nasahau nilikuwa wapi. Hakuandika jina wala mji.